Jina la Nani Kwenye Kioo?

Ndani ya Kuba ya Mwamba, Yerusalemu, juu ya safu za nguzo, kuna mstari wa maandishi ya mozaiki wenye urefu wa takriban mita 240. Herufi ni chembe za kioo cha dhahabu, na nyuma yake ni buluu inayoelekea kijani. Mna aya za Kurani humo, mna jina la mjenzi, na mna mwaka: 72 Hijria. Aliyejenga ni Khalifa Abdulmalik bin Marwan. Jina linalosomeka leo ni la al-Maamun, khalifa wa Bani Abbas, aliyezaliwa karibu miaka mia moja baada ya mwaka huo. Mafundi wake waling'oa jina la kwanza, wakapachika la bwana wao. Nafasi ilikuwa finyu, herufi zikabanana, na buluu yao haikulingana na ya zamani. Mwaka hawakuugusa.

Mimi ni fundi wa vioo hapa Mombasa, na nikikumbuka habari hii mawazo yangu huenda kwa mafundi kuliko kwa makhalifa. Kila chembe ya dhahabu pale ni kioo kilichotandazwa utando mwembamba wa dhahabu, kisha kikafunikwa kwa kioo kingine chembamba zaidi. Ukizilaza zote sawasawa kama vigae vya bafuni, ukuta hung'aa sehemu moja na kwingine kote hufifia. Kwa hiyo katika sehemu kadhaa waliziinamisha kumwelekea mtu aliyesimama chini, ili mwanga umfikie. Anayejua kufanya hivyo anajua pia kwamba ukuta ule haumiliki hata cheche moja. Zima taa, funga milango, dhahabu yote ni giza. Inakuwaje basi mtu apiganie jina lake liandikwe juu ya kitu ambacho uzuri wake wote ni wa kuazima?

Swali hili lilinifuata kazini. Familia moja ilitaka kulipia dirisha la vioo vya rangi katika msikiti wa mtaani kwetu, ukuta wa magharibi, iwe sadaka ya baba yao aliyetangulia mbele ya haki. Jina lake walitaka liwe katikati. Nia yao ilikuwa safi: mtu alisome, amwombee. Nikaanza kwa kuwaeleza mambo ya ufundi. Ukutani, herufi husomeka kwa kuwa zinaurudisha mwanga. Dirishani ni kinyume. Ili jina lisomeke kwa mbali, lazima ulizungushie risasi au uliandike kwa kioo kizito kisichopitisha kitu, na matokeo yake ni kwamba jina ndilo litakalokuwa mahali penye giza kuliko pote katika dirisha zima.

Kijana wao mkubwa akaniuliza, "Fundi, mbona taa za masultani wa Misri zina majina yao?"

Alikuwa na hoja. Baadhi ya taa za kioo zilizotengenezwa karne ya 14 kwa ajili ya msikiti wa Sultani Hasan, Cairo, zina Aya ya Nuru shingoni, na tumboni zina jina na sifa za Sultani. Aya hiyo, ya 35 katika Sura An-Nur, inaipigia mfano nuru ya Mwenyezi Mungu: shubaka lenye taa, taa imo ndani ya kioo, kioo ni kama nyota ing'aayo, na mafuta yanakaribia kuwaka kabla moto haujayagusa. Nimeisoma tangu utotoni, lakini nilipoanza kukata vioo ndipo iliponishika. Taa ingeweza kuwaka bila kioo. Bado kioo kimetajwa, kikasifiwa mpaka kufananishwa na nyota, na hakuna neno hata moja linaloifanya nuru kuwa mali yake. Sifa yote kimepewa kwa kuwa kinaiachia ipite. Kwa hiyo nikiiona taa yenye aya hii juu na sifa za mfalme chini yake, naona mtu aliyeinunua aya bila kuisikiliza.

Nikawaambia jina la mzee likae kwenye kisima cha msikiti, palipo na maji ya wakfu, ili kila atakayejaza ndoo amwombee. Maji mtu huyachota akaondoka nayo. Kumkumbuka aliyeyatoa ni shukrani tu. Mama yao, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Na wewe fundi, lako huliandiki?" Huwa naliandika. Kila mlango na kila meza ninayotengeneza, nachora alama yangu pembeni kwa almasi ya kukatia vioo. Nikamwahidi kwamba dirisha hili halitakuwa nayo.

Kumbe pingamizi kubwa lilikuwa bado. Maalim wangu wa chuoni, ambaye sasa ni mtu mzima sana na bado huswali safu ya kwanza, hataki rangi kabisa. Alinikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali na shuka yenye nakshi, nakshi zikamvuta macho, akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo isiyo na nakshi. "Mwanangu, yule ni Mtume. Mimi na wewe je?"

Nikamtajia Damascus. Al-Walid, mwana wa huyo huyo Abdulmalik, alijenga msikiti mkuu pale kati ya mwaka 706 na 715, akazifunika kuta kwa chembe za kioo. Kipande kilichosalia upande wa magharibi wa ua kina urefu wa zaidi ya mita 34: miti mirefu, majumba, na chini yake mto, buluu juu ya buluu, na vipande vya fedha pale maji yanapovunjika. Hakuna mtu, hakuna mnyama. Wengine husema ni mto Barada wa mji huo, wengine husema ni Pepo. Kwa muda mrefu kilifichwa na lipu, mpaka kikafunuliwa miaka ya 1920.

Maalim anaijua Sham ya vitabuni, nchi yenye Damascus hiyo, kuliko mimi. Akanijibu kwamba al-Muqaddasi, aliyeandika karne ya 10, alimuuliza ami yake kwa nini al-Walid alitumia mali ya Waislamu kwa mapambo yale, naye akaambiwa ni kwa sababu Sham ilijaa makanisa mazuri, na khalifa alitaka Waislamu wawe na kitakachowatoa macho huko. "Basi ni mashindano," Maalim akasema. "Na mashindano ni lile jina tena, ila limeandikwa bila herufi."

Sina jibu la kumshinda hapo. Nimelihamishia dirisha nyuma kabisa, karibu na birika la kutawadhia, mbali na kibla. Akasema hata nyuma kuna wanaoswali, na ni kweli, hasa Ijumaa. Nikapunguza rangi: kijani cha bahari juu tu, na chini kioo cheupe. Ninachokishikilia ni saa ile baada ya alasiri, swala imekwisha, watu wamekaa darsani wakisubiri magharibi, jua likiingia kwa upande wetu. Maalim anasema ndani ya msikiti macho hayana mapumziko. Mimi naamini macho nayo yana ibada yao, nayo ni kutazama alivyoviumba Mola, na mwanga ni katika hivyo. Tumekubaliana nilitie dirisha, kisha yeye akae darsani mara chache na kuamua. Akisema liondolewe, nitaliondoa.