Anayekuja Nyuma Yako

Wanangu, tulipokuwa wadogo tulionywa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hili ninalotaka kuwaambia methali hiyo haitoshi, maana guu litakalovunjika si lako. Ni la mama anayeendesha gari dogo mita 30 nyuma yako, watoto wamekaa kiti cha nyuma, wakati paneli yako ya sola inaliaga paa.

Nawasema ninyi mlioko Marekani, mliochoshwa na kodi za nyumba za Seattle na Dallas mkanunua vani kuukuu au trela la kulala, mkaamua kuishi juu ya magurudumu. Uamuzi huo sina neno nao. Babu zetu wa pwani waliishi jahazini msimu mzima na hakuna aliyewaita wazururaji. Umeme wa jua nao ni jambo jema, hasa kwa anayeegesha jangwani Arizona, mbali na soketi ya mtu. Neno langu liko paani, pale mnapobandika paneli kwa utepe wa gundi, mkazitikisa kidogo kwa mkono, mkashuka ngazi mmeridhika.

Kwanza tuutendee haki utepe wenyewe. Ule mnaouita VHB si selotepu ya kufungia bahasha. Ulitoka mwaka 1980 kwa kampuni ya 3M ya Minnesota, huko huko waliko ndugu zetu wengi. Ni povu la akriliki, na mshiko wake huzidi kukaza kadiri saa zinavyopita. Mabango, mabodi ya malori na vioo vya majengo marefu vimeshikwa nao miaka na miaka. Tena una sifa ambayo gundi kavu haina: unanyumbulika. Fremu ya alumini ya mita 1 hurefuka kama milimita 1.4 joto likipanda nyuzi 60 za Selsiasi, kutoka usiku wa baridi hadi adhuhuri ya jua kali, na povu hilo hufuata mwendo huo bila kupasuka. Anayekwambia utepe ni mchezo wa watoto hajui asemalo.

Lakini utepe hushika kile ulichoubandika tu, na wengi wenu hamjui mmeubandika kwenye nini.

Panda juu na kitambaa cheusi, ufute paa. Kikirudi na unga mweupe, hilo huenda ni paa la mpira wa EPDM, ambalo mamia ya maelfu ya matrela ya Marekani yamevikwa. Lipo na la TPO, ndugu yake. Mipira hii haikubaliani na gundi ya akriliki, na ubaya wake ni kwamba haikuonyeshi hivyo siku ya kwanza. Utabandika, utavuta, itakataa kutoka, utafurahi. Mpira wa EPDM unaendelea kuzeeka na kutoa unga wake, na unga huo huo ndio utepe unaoushika. Hata tuseme utepe umeganda kweli: mpira wenyewe ni ngozi iliyogundishwa juu ya plaiwudi nyembamba. Upepo ukiivuta paneli, ngozi inavimba na kuachana na mbao, na paneli inaondoka nayo. Utepe wako utakuwa umefanya kazi yake barabara mpaka mwisho, ukiwa bado umeshika kipande cha mpira mtaroni.

Faibaglasi na bati lililopakwa rangi ni habari nyingine, hapo utepe una pa kushika. Hata hapo una masharti, na masharti yake si mapendekezo. Uso usafishwe kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, usifutwe kwa kiganja. Joto la paa na la fremu liwe kati ya nyuzi 21 na 38, na chini ya nyuzi 10 utepe wa kawaida wa aina hii usiuguse kabisa. Ukandamizwe kwa nguvu, kwa rola, inchi kwa inchi. Kisha usubiri. Baada ya dakika 20 una kama nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 asilimia 90, na ukamilifu wake ni saa 72, tena hizo ni saa za joto la chumbani. Anayebandika Jumamosi asubuhi mwezi Januari huko Minneapolis na kuingia barabarani mchana amebandika pambo.

Hesabu nayo haifanywi. Watengenezaji wanasema, kwa uzito uliotulia tu, kila kilo 1 ipewe kama sentimita 55 za mraba za utepe. Paneli ya wati 100 yenye fremu ina kilo 7 hivi, kwa hiyo inataka sentimita 385 za mraba. Kwa utepe wa upana wa sentimita 2.5, hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu. Sasa zitazame zile breketi ndogo nne zilizokuja na paneli yako, uniambie mita moja na nusu utaiweka wapi. Na bado hatujasafiri.

Tukisafiri, mambo hubadilika, kwa sababu nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Kwenye kilomita 105 kwa saa hewa inasukuma kwa karibu kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Paneli yako ni kama nusu mita ya mraba, kwa hiyo chukulia mvuto wa kilo 25 hivi, kutegemea umbo la gari na ulivyoiweka. Ukikutana na upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa, mzigo huo unapita maradufu. Wanaopita barabara ya I-80 huko Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, wanajua upepo wa namna hiyo si hadithi. Kuna siku wakubwa wa barabara huwazuia wenye magari marefu mepesi wasipite kabisa.

Na upepo hauvuti moja kwa moja kwenda juu; ungefanya hivyo ungekuwa muungwana. Utepe una nguvu sana ukivutwa sawasawa pande zote au ukisukumwa kwa ubavu. Udhaifu wake uko ukingoni. Chapati iliyogandia kikaangoni huing'oi yote kwa mpigo, unachokoa pembe, ukiipata pembe umepata chapati. Upepo unafanya hivyo hivyo kwenye ukingo wa mbele wa paneli, kutwa nzima, na kila shimo la barabara linausaidia.

Nikiwauliza kwa nini hamkutumia skrubu, jibu huwa moja: hatutaki kutoboa paa, litavuja. Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Nimefanya kazi ya mapaa ya matrela muda wa kutosha kujua kwamba kuvuja ni adha kubwa. Maji huozesha plaiwudi kimya kimya na ukarabati wake ni ghali. Lakini tazama nani analipa. Tundu likivuja, godoro linalolowa ni lako. Utepe ukiachia, anayelipa ni mtu asiyekujua, aliyekuwa akienda kazini. Umeihamisha hatari kutoka godoro lako hadi kioo chake cha mbele, ukaita hiyo tahadhari. Jimbo la Washington lilitunga sheria mwaka 2005, baada ya msichana kujeruhiwa vibaya na kitu kilichoanguka kutoka gari la mbele yake, na tangu hapo kumuumiza mtu vibaya kwa mzigo usiofungwa vizuri ni kosa la jinai. Hakimu hatauliza kama paa lako lilikuwa kavu.

Tena tundu linazibika, kazi hii inajulikana. Tafuta mbao za chini ya paa, maana skrubu iliyoingia kwenye plaiwudi nyembamba peke yake nayo haina mengi ya kujivunia. Gonga usikilize, au tazama mistari ya dari ndani. Weka utepe wa butili chini ya breketi, jaza lakiri tunduni kabla ya skrubu ya chuma kisichoshika kutu, kisha funika kichwa chake kwa lakiri laini inayojitandaza yenyewe, ile iliyotengenezwa kwa aina ya paa lako. Kila mwaka panda uitazame kama imepasuka. Ukitaka kuongeza VHB chini ya breketi kwenye faibaglasi, ongeza, ni msaidizi mzuri wa skrubu.

Wenye vani wana bahati zaidi. Ford Transit na wenzake wana sehemu za kiwandani za kufungia keria, na Land Cruiser za zamani zenye mfereji wa mvua hubeba keria inayobana mferejini bila tundu hata moja. Paneli ikae juu ya keria kwa boliti, na hewa ipite chini yake.

Hewa hiyo ina faida yake. Zile paneli nyembamba zinazopindika, mnazozipenda kwa kuwa zinabandikwa kama stika, hulala juu ya paa bila pumzi. Seli za sola hupoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya umeme kwa kila nyuzi 1 juu ya 25. Zikifika nyuzi 70, mnapoteza asilimia 13.5 hadi 18 mchana ule ule mnaoutaka. Na zikiharibika, kuzibandua ni kazi ya waya wa kukatia na matusi.

Aliyekwisha kubandika asingoje nimalize. Panda leo, pitisha ukucha au kadi ya benki chini ya kila pembe ya mbele. Ikiingia, paneli hiyo haisafiri tena mpaka ifungwe upya. Hata iliyoshika vizuri, ifunge waya wa chuma kutoka kwenye fremu hadi kwenye boliti iliyoshika mbao, ili ikiachia ibaki inagongagonga paa na kukupa habari. Usitegemee nyaya za umeme kwa kazi hiyo, zitang'oka na soketi zake. Kagua tena baada ya joto la kwanza la kiangazi na baridi ya kwanza, na kila baada ya siku ya upepo mkali. Na siku utakapoliuza gari hilo, mwandikie mnunuzi karatasini jinsi kila paneli ilivyofungwa, aina ya paa, na tarehe uliyoweka lakiri, kwa sababu akiangalia kutoka chini hatajua kama juu kuna boliti au utepe.