Dhamana ya Tabibu kwa Mtoto

Mafakihi wamekubaliana kwamba atibuye bila ya ilimu hubeba dhamana ya madhara ayaletayo; lakini tabibu mwenye ilimu, amwandikiapo dawa ya akili mtoto asiyefikia umri wa kuridhia wala kukataa, dhamana yake hukomea wapi? Tumtazame mtoto mwenye kifafa anywaye kabamazepini, dawa ambayo hulihimiza ini kuzivunja dawa nyingine upesi: akiongezewa risperidoni kwa sababu ya ghadhabu zisizozuilika, sehemu kubwa yake hupotea kabla ya kufaa kitu, na tabibu akapandisha kipimo, kisha akiachishwa kabamazepini, ini hurejea taratibu katika mwendo wake, na kipimo kilichokuwa cha haki kikageuka dhuluma, mtoto akasinzia darasani na viungo vikamkakamaa, asijue kulieleza lililomsibu. Kwa hiyo nia njema haimtoshi tabibu, wala mapenzi hayamtoshi mzazi: yampasa huyo kuuliza kila kinywewacho, hata mizizi ya mganga, pasi na kukemea, na huyu yampasa asifiche, kwani mwili ule ni amana mikononi mwao wote wawili, na amana ina Mwenyewe.