Ngozi ya Mnyama Juu ya Mtoto

Mwaka jana, mwanzo wa Novemba, picha ilifika kwa simu nyumbani kwetu, karibu na Keroka. Ilitoka kwa binamu yangu aishiye Minnesota, ambako jamaa zetu Abagusii wamekuwa wengi. Ilimwonyesha mwanawe wa miezi saba amevikwa vazi la fisi, lenye masikio na mkia, kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambayo Waairishi na Waskoti waliivusha bahari hadi Marekani katika karne ya 19. Sote tulicheka isipokuwa nyanya yangu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Katika nyumba hiyo wamekufa watoto wangapi?"

Swali hilo, msomaji wangu, lahitaji maelezo. Zamani, hapa Gusii, mama aliyezika watoto wawili au watatu mfululizo aliogopa hata kumsifu hadharani yule aliyefuata. Mtoto huyo aliweza kupewa jina la kuchukiza, kusudi mauti yampite kama kitu kisicho na thamani. Aliitwa Nyang'au, yaani fisi. Nani amtamaniye fisi? Ukambani nako fisi ni mbiti, na Profesa John Mbiti (1931–2019), aliyeandika juu ya dini na falsafa za Waafrika, alilichukua jina hilo hadi Chuo Kikuu cha Bern. Tena, katika masimulizi ya Ireland na Scotland, watu walijibadili sura usiku wa sikukuu ile ili mizimu isiwatambue. Basi nyanya, asiyejua habari za Ireland, aliikaribia maana ya kale ya vazi lile kuliko binamu yangu aliyelinunua dukani.

Nauliza sasa: tuna haki gani ya kumvika mtu unyama kabla hajaweza kukubali wala kukataa? Wengine watasema kwamba mtoto haulizwi jambo lolote. Hakuulizwa kuzaliwa, wala lugha, wala dini. Ni kweli, lakini kwa kuwa yeye haulizwi, yatupasa sisi tujiulize twamvika kwa faida ya nani. Mama wa zamani alimvika kwa faida ya mtoto, naye mwenyewe akaumeza uchungu wa kumwita mpenzi wake kwa jina la mla mizoga. Binamu yangu alitaka kufurahi na majirani. Simlaumu. Aliye ugenini hutamani mwanawe ahesabiwe miongoni mwa watoto wa mtaa, na hiyo pia ni faida ya mtoto.

Niliwahi kudhani kwamba vazi ni jambo dogo kwa sababu huvuliwa kabla ya kulala, lakini jina halivuliwi. Darasa langu lilinisahihisha. Siku moja tulisoma kifungu chenye neno nyang'au, ambalo kwa Kiswahili ni tusi kwa mtu katili na mlafi. Wanafunzi wakamgeukia mvulana mmoja mwenye jina hilo, wakaangua kicheko. Nami, naungama, nilitabasamu. Mvulana akasimama, akasema kwa upole kwamba jina ni la babu yake, aliyezaliwa baada ya wanne kufa, akaishi hata akaona wajukuu. Kicheko kilikatika. Jina lile lilikuwa zito kuliko vazi lolote, lakini yeye alijua lilishonwa kwa sababu gani, wala halikumbana.

Tangu siku ile sipimi tena uzito wa kitu avikwacho mtoto. Napima kama mzazi ataweza, mtoto akiwa na miaka kumi na sita, kumtazama usoni na kumwambia sababu. Picha nayo haivuliwi. Itadumu, na siku moja itaulizwa. Nadhani binamu yangu atakuwa na jibu la kweli. Wako wazazi ambao watalitafuta wasilipate.

Nyanya alipoambiwa kwamba hakuna aliyekufa, alishusha pumzi. Akataka binamu apigiwe simu mara moja, ili amwone mtoto bila ngozi ile. Alipomwona amevaa fulana tu, akamwita kwa jina lake, mara tatu.