Arusi ya Mila Mbili: Tuchukue Lipi, Tuache Lipi?



Jambo ninalotaka tulitafakari safari hii linatugusa wengi katika mtaa wetu. Zamani kijana wa Kiiraqw alioa binti wa Kiiraqw, tena mara nyingi wa bonde la pili tu. Kijana wa Kibarbaig naye alioa kwao. Siku hizi watoto wetu hukutana shuleni, vyuoni, kazini Haydom na Babati, hata mnadani, na wakipendana hawaulizi lugha ya bibi mzaa baba. Basi tunaalikwa kwenye arusi zenye mila mbili, na juu yake ile ya tatu tuliyoipokea kutoka Ulaya, yenye shela, keki na gari lililopambwa.

Kamati ya arusi huketi na kugawa. Ngoma ya hawa ichezwe saa nane, ya wale saa tisa. Akina mama wa upande huu wavae hivi, wa upande ule vile. Kila mtu huridhika kwamba mila zimeheshimiwa. Nami nauliza: je, hiyo ndiyo heshima yenyewe? Mila mbili zinapokutana katika ndoa moja, kwa kuwa zote haziwezi kuchukuliwa nzima, tutumie kipimo gani kusema hili tulichukue na hili tuliache?

Hapana budi tukumbuke kwanza watu wenyewe ni nani. Wairaqw ni wakulima na wafugaji, na lugha yetu ni ya jamii ya Kikushi. Wabarbaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, ni wafugaji, na lugha yao ni ya jamii ya Kiniloti. Tumekaa pamoja kuuzunguka Mlima Hanang kwa vizazi vingi, na si kwa amani siku zote. Ng'ombe waliibwa, damu ilimwagika. Baadaye mkulima alipanda kutoka kwetu Mbulu akalima mahali ambapo mwenzake alilisha, na tangu mwaka 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yakachukua malisho mengine mengi. Hata jina la Mang'ati, ambalo wengi wetu tunalitumia bila kufikiri, ni neno la Kimasai lenye maana ya adui. Mtu hamwiti mkwewe adui. Kwa hiyo, mtoto wa kwetu akiolewa kwao, arusi hiyo ina uzito kuliko karamu ya siku moja.

Binti wa mdogo wangu aliposwa na kijana wa Kibarbaig wa upande wa Katesh, Mkristo kama yeye. Mimi nikiwa baba mkubwa nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kwenda kuzungumza na wazee wa huko. Tuliondoka Mbulu alfajiri, tukapita Dongobesh na Bashnet, tukateremka hadi Dareda, kisha tukafuata lami kuelekea Katesh, mlima ukiwa mbele yetu. Mjini Katesh watu bado wanasimulia maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80. Tope lile halikuuliza nani mkulima na nani mfugaji.

Tulipokelewa vizuri mno. Mazungumzo ya wazee yalikwenda taratibu, kama ilivyo ada. Halafu mama mmoja mtu mzima wa upande wa kijana, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "huyu binti yenu mtamleta mikono mitupu?"

Sikumwelewa. Nikamjibu kwamba vyombo na nguo zake atakuja navyo.

"Sisemi vyombo. Ng'ombe wake ni wangapi? Kwenu baba yake hampi? Mjomba wake hampi?"

Wenzangu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa Kiiraqw, "Tuwape binti, tena tuwape na ng'ombe?" Mama yule hakujua lugha yetu, lakini uso wa mtu husomeka katika lugha zote. Akasema polepole, "Si sisi mtakaotupa. Mtampa yeye. Siku mwanangu akipotewa na akili akataka kuuza zizi zima, wale wa mke wake hawagusi. Mimi mwenyewe nililea watoto kwa ng'ombe wa aina hiyo."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu swali lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Katika mila ya Wabarbaig binti anapoolewa jamaa zake wenyewe humpa ng'ombe. Ng'ombe hao humpa mke msimamo katika boma la mumewe, nao ni akiba ya watoto wake. Mume hawezi kuwatoa kama apendavyo bila ridhaa ya mke. Tena akina mama walioolewa wana baraza lao. Mwanamume akimtendea mke kinyume cha desturi, baraza hilo laweza kumhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe. Profesa George Klima, Mmarekani aliyekaa na watu hawa na kuandika habari zao katika miaka ya 1960 na 1970, alilieleza jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa lilimshangaza. Alikuta wanawake wa kabila la wafugaji wenye haki ambazo wageni hawakuzitazamia.

Sasa tazameni kamati yetu ilivyokuwa imepanga. Ngoma ya Kibarbaig ilikuwamo. Akina mama wa kwao walikuwa wameombwa waje na mavazi yao ya ngozi, yale yenye nyuzi ndefu, kwa sababu yanapendeza katika picha. Lakini ng'ombe wa bibi arusi hawakuwamo katika orodha, wala hakuna aliyeuliza habari zao. Tulikuwa tumechukua pambo la mila na kuiacha ngao yake.

Na shela je? Kuna Wakristo wanaodhani shela jeupe limeamriwa na Kanisa. Sivyo. Huko Uingereza mabibi arusi walivaa nguo nzuri za rangi yoyote. Desturi ya nyeupe ilienea baada ya Malkia Victoria kuolewa na nguo nyeupe mwezi wa Februari 1840. Mwaka ule wa 1840 sheria ya Kiingereza ilisema kwamba mwanamke akiolewa, fedha zake na vitu vyake vya kuhamishika huwa mali ya mumewe. Sheria hiyo ilianza kurekebishwa mwaka 1870, na kwa ukamilifu zaidi mwaka 1882. Fikirini basi: tumelipokea vazi la bibi arusi wa Kiingereza ambaye siku ya arusi alipoteza mali yake, na tukataka kuiacha mila ya jirani yetu wa Hanang ambaye siku ya arusi hupata mali yake. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba mke aweza kuwa na mali yake mwenyewe kama mume. Mama yule wa Katesh hakuhitaji kuisoma sheria hiyo ili alijue jambo hilo.

Jambo hili si la Mbulu na Hanang peke yake. Wairani wengi walihamia Marekani, hasa baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, na watoto wao huoana na Wamarekani. Katika arusi ya Kiirani hutandazwa kitambaa chenye kioo, mishumaa na vyakula vya ishara, na vipande vya sukari husuguliwa juu ya vichwa vya maarusi. Bibi arusi huulizwa kama anakubali, naye hungoja hadi aulizwe mara ya tatu ndipo ajibu. Mgeni wa Kimarekani hufurahishwa sana na kioo na sukari. Lakini pamoja na hayo kuna hati, na ndani ya hati hiyo mume huahidi mahari, ambayo ni haki ya mke mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zetu Waislamu wa pwani na Unguja: mahari ni ya bibi arusi. Huku bara tumelichukua neno hilohilo, tukalifanya liwe mali inayokwenda kwa baba. Neno limepanda kutoka pwani, lakini maana yake imebaki njiani.

Sisemi kwamba kila mila ya jirani ni njema, wala ya kwetu. Mila zaweza kumwoza binti asiyeulizwa, na zaweza kuruhusu wake wengi. Hapo Kanisa lina neno lake, nalo ni neno la kufunga. Kiini cha ndoa yetu ni ridhaa ya wawili, inayotamkwa kwa sauti mbele ya Mungu na mbele ya watu, kwa maisha yote. Hata katika Mwanzo, ndugu zake Rebeka, baada ya kukubali zawadi zote, walimwita wakamwuliza yeye mwenyewe kama atakwenda, naye akajibu kwamba atakwenda. Lakini kitabu hichohicho kinatuonyesha Labani. Yakobo alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea, na asubuhi ndipo akaambiwa kwamba desturi ya nchi ile haimtangulizi mdogo. Labda desturi yenyewe haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kuificha mpaka itakapomnasa mgeni.

Kutokana na hayo naona kipimo chenye sehemu tatu.

Kwanza, tuiulize kila mila: inamfunga nani kutenda nini, arusi ikiisha? Mila inayomfunga mtu kumtunza mwingine ina haki ya kwanza kuchukuliwa, hata ikiwa na gharama. Mila ya kupendeza macho tu ije ikipata nafasi.

Pili, isifichwe. Kila upande uueleze mwenzake kabla ya siku, kwa lugha inayoeleweka, nini kinatazamiwa na kwa sababu gani. Kama Kanisa hutangaza ndoa mapema ili mwenye kizuizi aseme, yafaa mila nazo zitangazwe mapema ili mwenye swali aulize.

Tatu, isimdhalilishe mtu wala kupingana na kiapo. Mila ikishindwa hapa, tuiache, iwe ya kwao, ya kwetu au ya Ulaya.

Mtajiuliza shauri letu liliishaje. Lilikuwa refu. Wengine walisema hatuna mila hiyo, kwa hiyo haituhusu. Baba wa binti alijibu kwamba binti anakwenda kuishi penye mila hiyo, na kumpeleka mikono mitupu ni kumpeleka akiwa mdogo kuliko wenzake. Mwishowe baba alitoa mtamba mmoja na mjomba mwingine. Kamati ilipunguza mapambo ya ukumbi, na keki ikawa ndogo. Kijana naye alikubali mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba wanyama hao na uzao wao ni wa mkewe. Ndoa ilifungwa kanisani. Nje, mzee wa upande wetu alitoa slufay, ile sala ya baraka ya Kiiraqw, na watu wakaitikia kila mstari. Wabarbaig waliokuwapo hawakujua maneno, lakini punde si punde nao walikuwa wakiitikia.

Kwa sisi wageni waalikwa pia kuna wajibu. Mtu asiende kwa wakwe kama aendaye kutazama maonyesho. Aulize. Asiyekunywa pombe ya asali akatae kwa upole, bila kukunja uso. Na mchango wake usiishie kwenye kadi na chakula. Baada ya miezi, apite kuwajulia hali, maana siku ya arusi mashahidi ni wengi, na siku ya shida wanahitajika hao hao. Tumeshasikia arusi ngapi zilizochangiwa mamilioni, na mwaka wa pili mke anarudi kwao na mtoto mgongoni, hana hata kuku?

Naomba Umoja wa Akina Mama na wazee wa kanisa walizungumze jambo hili katika vikao vyao. Mnapomwoza binti, kwa mila yoyote, iandikeni orodha ya mambo ya arusi, kisha mweke alama penye yale yatakayokuwa bado mkononi mwake baada ya miaka kumi. Kama hakuna alama hata moja, orodha hiyo irudiwe.

Bwana aliyekubali mwaliko wa arusi ya Kana, na kuyatazama mahitaji ya wenyeji wakati wageni walikuwa hawajayajua, atujalie macho kama hayo. Amina.