Vocha Zilizoishia Nyumbani kwa Viongozi

Mwaka 2008, bei ya mbolea ilipopaa duniani kote, serikali ya Tanzania iliingia vijijini na vocha za pembejeo. Nia ilikuwa njema. Kila kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu za kutosha ekari moja ya mahindi: ya mfuko wa urea, ya DAP au mbolea ya Minjingu, na ya kilo 10 za mbegu bora. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, na iliyobaki mkulima aliijazia mwenyewe dukani kwa wakala. Wakala naye alizipeleka vocha benki ya NMB akalipwa. Benki ya Dunia ilipoongeza mkopo wake, lengo likawa kuzifikia kaya kama milioni 2.5.

Utaratibu ulieleza vizuri nani apewe: mkulima mdogo asiyelima zaidi ya hekta moja ya mahindi au mpunga, na kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie. Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu, waliochaguliwa na mkutano wa kijiji. Lakini palikuwa na sharti jingine: mwenye kuchaguliwa awe tayari kuchangia ile nusu ya bei.

Hapo ndipo mpango ulipoharibika. Mfikirie mjane mwenye ekari moja, mvua zimekaribia, ghala tupu, ada ya mtoto inadaiwa. Kamati ikimruka, ina jibu tayari: huyu hana cha kuchangia. Haikulazimika hata kudanganya. Na jina lake likipita, anafika dukani na vocha mkononi bila fedha ya kujazia. Wakala anamwambia amwachie vocha, ampe shilingi elfu chache hapo hapo. Anatia dole gumba, anaondoka. Vocha inakwenda benki, serikali inalipa, vitabu vinaonyesha kwamba mjane amesaidiwa, na shambani kwake haijafika hata punje moja ya urea. Mimi simlaumu mama huyo hata kidogo. Aliyepanga kumsaidia maskini kwa kumdai fedha kwanza ndiye wa kuulizwa. Vocha kuuzwa namna hii, na sahihi za wakulima kughushiwa, ni malalamiko yaliyosikika mara nyingi mpango ukiendelea.

Mkoani Kilimanjaro watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walifuatilia vocha zilikoishia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yanauma: katika vijiji walivyochunguza, asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa kaya zenye viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vilivyo mbali na barabara na vile ambavyo pengo la mwenye nacho na asiye nacho ni kubwa. Yaani pale hasa msaada ulipohitajika zaidi, ndipo uliponaswa zaidi. Viongozi hao wengi nao ni wakulima, na mbolea yao huenda ilizaa mahindi mengi. Lakini wangeinunua hata bila vocha.

Mpango ulipokwisha ulibakiza madeni ambayo mawakala waliidai serikali, na uhakiki wa miaka, maana ilikuwa vigumu kutenganisha wakala aliyeuza mbolea kweli na aliyeuza karatasi.

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye sherehe za wakulima za Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya ya mbolea, iliyotengewa shilingi bilioni 150 kwa msimu wa kwanza. Vocha za karatasi hazimo tena. Mkulima anasajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali na kununua kwa bei iliyopunguzwa. Kughushi kumekuwa kugumu zaidi, na hilo ni jema. Ila punguzo sasa linahesabiwa kwa mfuko, na mwenye ekari 50 hununua mifuko mingi kuliko mwenye ekari moja. Naye huyo wa ekari moja bado anapaswa kufika dukani na fedha mkononi, na usajili wake bado unaanzia ofisi ya kijiji.