Mti wa Pipani na Mali ya Yatima



Twapenda kuwaelekeza leo kwenye kitu mukionacho kila siku uani mwenu.

Wengi wetu katika miji ya pwani tumepanda mdimu ndani ya pipa au debe. Mti wa shambani ukikosa maji hupeleka mizizi yake mbali kuyatafuta. Huu wa pipani hauna pa kwenda, haupati ila kile upewacho na mwenyewe. Debe lisipotobolewa chini, maji hutuama na mizizi huoza. Udongo usipobadilishwa kwa miaka, mti hudhoofu.

Tena wahitaji kisu. Mti ulioungwa huchipuza chini ya kiungo matawi manene, ya kupendeza macho, nayo hunyonya nguvu wala hayazai tunda tulilokusudia. Wakulima wa kahawa wa Manyatta, katika nchi ya Embu chini ya Mlima Kenya, wamelijua hilo. Wakisha kuchuma hukata matawi makavu na yaliyosongamana, na machipukizi ya ziada huyaondoa. Asiyejua hudhani wauharibu mti. Mavuno ndiyo shahidi wao.

Basi na tujiulize: yatima tuliyeachiwa si mti wa pipani? Urithi wa babake ndio udongo wake. Nasi twafanyaje? Kaburi halijakauka, ng'ombe achinjwa, magunia ya mchele yafunguliwa, watu wala siku baada ya siku, na gharama yatoka katika fungu la mtoto. Kisha mwakani akosa karo ya chuo, nasi twasema ni kadari!

Ada hii ndiyo chipukizi la chini ya kiungo. Sharia imepanga: kwanza mazishi, kisha deni, kisha wasia usiopita theluthi, kisha warithi. Karamu haimo. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula. Sisi tumegeuza: wafiwa ndio wawapikiao watu! Na onyo la Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, kwa mwenye kula mali ya yatima kwa dhuluma, latosha kumtetemesha kila mwenye imani.

Wako watakaosema, "Tukiacha, watu watatusema." Twawajibu: watu hawatasimama badala yenu siku ya hesabu.

Lakini kisu kina adabu yake. Mwenye kukata ovyo huua mti. Hatusemi muache kumwombea maiti dua, wala kuwazuru wafiwa, wala kutoa sadaka. Toeni, bali katika mali yenu. Na kila mlezi aiandike mali ya yatima, aitenge na yake, na siku ya kumkabidhi aweke mashahidi.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana zetu. Amin.