Mbona Mimi Niliweza?

Hivi karibuni, kwenye kikao cha idara cha chuo kimoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliitwa mvivu. Kazi yake ilichelewa. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijaingia. Aliiandika yote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kisha akakosa hela ya kuichapisha stesheneri. Profesa mmoja akafunga mjadala: "Mbona mimi niliweza? Nilisoma kwa kibatari." Watu wakacheka, tukaenda ajenda nyingine.

Tuseme stahili ni mtu kupata kinacholingana na uwezo na juhudi zake. Maana hiyo inatosha. Kinachonikera ni hiyo "mbona". Anayeisema ni yule aliyebaki wa kuisema. Waliokwama hawaalikwi vikaoni. Wako Kariakoo wanabeba mizigo, wako kwenye bodaboda, na hakuna anayewauliza kama kwao nako kulikuwa na kibatari. Halafu profesa wetu alisoma kabla ya uchangiaji gharama wa miaka ya 1990, serikali ikimlipia ada, malazi na chakula. Kibatari anakikumbuka, wali wa bwaloni kausahau. Kijana wa leo, akibahatika, hukopeshwa na Bodi ya Mikopo, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Lakini hata tukimpa profesa ushujaa wake wote, amethibitisha tu kwamba inawezekana. Mtoto wa waziri hatumdai ushujaa ili afaulu, tunamdai kusoma. Mtoto wa mama lishe tunamdai vyote viwili, kisha tunasahihisha kwa alama zilezile na kujisifu kwa usawa.

Wapo wanaosema chuo hakiwezi kusogeza tarehe kwa kila mwenye shida, ni kweli. Ila swali langu si tarehe, ni yule anayeamua nani anastahili nini.

Nikifika hapa mawazo hunipeleka Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo cha Mlimani, Dar es Salaam, walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Wazee wetu hupenda kuisimulia sehemu hiyo. Mimi huvutwa na ile wanayoiruka: siku hiyohiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kabla ya kuamua vijana wale wanastahili nini, alijihesabu na yeye. Hata hivyo, miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo watoto wa wakulima, na bado najiuliza kwa nini mtoto wa mkulima ndiye hudaiwa shukrani kwanza.

Basi, badala ya alama pekee, tupime umbali ambao mtu ametoka? Nani apime? Tayari mwombaji wa mkopo hutakiwa kuuthibitisha unyonge wake kwa mhuri wa serikali ya mtaa na, akiwa yatima, kwa cheti cha kifo cha mzazi. Na wapo wanaoazima viatu siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa ili asijue mtu. Hao, kwa kipimo changu, wangeonekana wametoka karibu.